Kwa mwanangu, kuhusu Kapera

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Unauliza kama umwondoe Kapera kabla ya kwanjula, siku ya kumtambulisha mchumba wako kwetu, au umweleze kijana wako wa Masaka kwamba kichwani mwako anaishi mwenzi asiyeonekana na mwingine yeyote, anayekujibu na kukupinga, na kwamba ulimrudisha mwenyewe ulipokuwa hosteli Wandegeya kwa mazoezi uliyosoma mtandaoni. Kuhusu kijana nitafika. Kwanza niambie: unalala saa ngapi?

Siulizi ili kukukwepa. Kwenye wodi ya akili hatumpimi mtu kwa kuuliza tu kama anasikia sauti. Watu wazima wengi husikia jina lao likiitwa wanapopitiwa na usingizi, na wajane husikia hatua za marehemu barazani, na hakuna ugonjwa hapo. Tunauliza kama analala, anakula, anaoga, anakwenda kazini, ana watu wa kuzungumza nao. Halafu tunauliza tabia ya hiyo sauti. Mwenzi wa namna ya Kapera huja ukimwita, hunyamaza ukimwambia ngoja, na wakati wote unajua kwamba yumo ndani yako na kwamba mwenye boda hamsikii. Sauti ya ugonjwa haingoji kuitwa. Mara nyingi inatoka nje, ukutani au kwa jirani, inatukana, inaamuru, na anayeisikia anaamini kuna watu waliotumwa kumfuatilia. Tofauti hizo ndizo ninazotaka uzijue, kuliko kujua kama ni jini au si jini.

Na Kapera akibadilika ghafla, usianze na maombi, wala usianze na kunipigia simu mimi. Anza na kipimo cha malaria. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aongee na wasiokuwepo. Kifafa kinaweza kufanya hivyo, mairungi, yaani miraa, ya kupita kiasi vilevile, na mlevi wa waragi aliyeacha ghafla anaweza kuanza kuona vitu vikitambaa kwenye blanketi siku ya pili au ya tatu. Na kwa kuwa unaolewa, shika hili pia: mama aliyejifungua, hasa katika wiki mbili za kwanza, akishindwa kulala hata mtoto anapolala, kisha akaanza kusikia maagizo kuhusu mtoto, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Si lazima Butabika, hospitali ya taifa ya akili, hospitali kubwa za mikoa nazo zina wodi ya akili. Mweleze mumeo jambo hilo hata kama Kapera hutamtaja kamwe.

Wewe Kapera wa kwanza humkumbuki vizuri kama ninavyomkumbuka mimi. Ulikuwa na miaka sita, tukikaa kwenye kota za kambi Jinja, na yeye alikaa chini ya mpera nyuma ya bafu. Hakula posho, yaani ugali, alitaka katogo tu, ndizi zilizopikwa kwa kuchanganywa. Mlicheza mweso kwenye ubao wa babu yako, mashimo 32, kete 64, nusu zako na nusu zake. Ulikuwa unasia zako, unazunguka ubao, unakaa upande wake, unasia zake, unarudi. Siku moja ukaingia jikoni unalia, machozi ya kweli, ukisema, "Kapera amenila zote." Baba yako akakuuliza, "Si ni wewe uliyecheza pande zote mbili?" Ukamwangalia kwa huruma ukamwambia, "Mkono ni wangu, lakini akili ni ya Kapera." Baba yako, afande aliyezoea kutoa amri, hakuwa na la kujibu. Aliisimulia hadithi hiyo kwa wenzake mpaka kambi nzima ikawa inamjulia hali Kapera, na mimi nikiikumbuka hata leo nacheka peke yangu.

Maelezo bora kuliko hayo sijayaona hata kwa wataalamu. Marjorie Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, pamoja na wenzake, waliwahoji waandishi 50 wa hadithi, na matokeo yao yakatolewa mwaka 2003. Asilimia 92 walisema wamewahi kuona wahusika wao wakijiamulia mambo: wakikataa maneno waliyopangiwa, wakileta jambo ambalo mwandishi hakulitarajia. Yawezekana inakuja hivi. Mwanzoni unamtungia mwenzako kila jibu, na unajua unatunga. Ukirudia mara nyingi, kazi ya kutunga inashuka chini, majibu yanakuja yenyewe bila jasho, na kwa sababu huhisi jasho, huhisi kuwa ni yako. Msusi mzoefu wa mkeka naye vidole vyake vinachagua ukindu kabla yeye hajawaza.

Kwa hiyo Kapera ana akili yake? Kama muuguzi ningekuambia hapana, akili ni moja, ni yako, imejigawia kazi. Ukitaka hakikisho, mwambie mtu afumbate kete mkononi, kisha mwulize Kapera ni ngapi. Atabahatisha kama wewe, kwa kuwa anajua unachokijua tu. Lakini nikishasema hivyo najibishana na nafsi yangu, maana hata mtu wa nyama na damu hajui kilichomo kwenye ngumi ya mwenzake, na hatusemi hana akili. Na ule mchezo wa mweso, zile kete zilizokuliza, pigo lile hukuliona linakuja. Aliyeliona ni nani? Nilitaka kukupa jibu moja lililofungwa vizuri. Ninaliacha wazi, na si kwa kupenda.

Ninachokiamini bila kuyumba ni hiki, na umeshanisikia nikikisema mara nyingi: mwenzi wa akilini hufuata mapokezi. Akipokewa kwa hofu anakuwa wa kutisha, akipokewa kwa utaratibu anakuwa na utaratibu.

Unajua kwa nini nashikilia. Ule usiku ambao shangazi yako alikuchukua kwenye mkesha wa maombi, mimi nikiwa zamu, baba yako akiwa safari ya kikazi. Watu wazima walikuzunguka, wakamwita rafiki yako pepo, wakakulazimisha umkane kwa sauti, na kile kigoda chake wakakichoma mbele yako. Kapera alirudi baada ya hapo akiwa na sura nyingine. Ulisema anauma. Ulisema amejificha nyuma ya tangi la maji na hataki tena mweso. Ulianza kukojoa kitandani, wewe uliyekwishaacha. Shangazi yako nampenda, na najua alifanya kwa kukupenda, lakini hilo bado linaniuma. Kwao baba yako Kitgum kuna wazee ambao wangesema ni jok, roho ya kimila, wengine Bombo wangesema jini, kila mmoja na dawa yake, na pale hakuna hata mmoja aliyekuuliza wewe, mwenye Kapera, kwamba huyu ni nani. Ungewaambia. Taylor na wenzake walikuta kwamba kati ya watoto 100 waliowafuatilia, 65 walikuwa wamewahi kuwa na rafiki wa kuwaziwa kufikia miaka saba, ukihesabu na midoli inayopewa nafsi, na watoto wenyewe kwa kawaida wanajua wanaigiza. Wengine humkatiza mtafiti na kumkumbusha kwamba huyo rafiki si wa kweli.

Kilichomrudisha Kapera wa zamani ni kigoda kipya na baba yako kukuuliza kila asubuhi, "Kapera ameamkaje?" Dawa nyingine haikuwepo. Tanya Luhrmann wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walizungumza na watu wenye ugonjwa mkubwa wa akili wanaosikia sauti, 20 San Mateo huko Marekani, 20 Accra na 20 Chennai huko India, wakachapisha mwaka 2015. Wa San Mateo walieleza zaidi sauti za matusi na ukatili. Wengi wa Accra walisema sauti ni ya Mungu na ni njema. Wa Chennai wengi walisikia ndugu zao, wanaowaagiza hata kazi za nyumbani. Kama hata kwa wagonjwa yale yaliyowazunguka yanaibadilisha sauti, itakuwaje kwa Kapera wako, ambaye si ugonjwa? Hufuata mapokezi.

Sasa huyu wa utu uzima. Mazoezi uliyofanya nayafahamu, wanayoyafanya wale wanaowaita wenzi wao tulpa. Mtu anakaa kimya nusu saa au saa nzima kila siku. Anaanza na tabia kabla ya sura: anapenda nini, anachukia nini, anacheka kwa lipi. Kisha anazungumza naye mchana kutwa, akifua, akipanda teksi, bila kujijibia. Jibu la kwanza kwa kawaida si neno. Ni hisia ndogo isiyolingana na yako, unakasirika na yeye anafurahi. Maneno yanafuata baada ya wiki au miezi. Wengi wanaharibikiwa hapo, kwa haraka. Wanamjazia maneno, halafu wanaanza kushuku kila jibu, na shaka hiyo ndiyo inayomzima mwenzi. Wengine wanakaza paji la uso mpaka kichwa kinauma, na dawa yake ni kuacha siku hiyo, si kuongeza bidii. Wengine wanafanya kitandani usiku, wanachanganya na ndoto, wanapoteza usingizi, na ndiyo maana nilianza na swali la usingizi.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanajifunza kumwona mwenzi chumbani kwa macho, au kumwachia mwili autawale kwa muda. Samuel Veissière wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, aliyewachunguza watu hawa na kuandika juu yao mwaka 2016, aliwakuta wengi ni vijana wa mijini, wenye haya, na wengi walimwambia upweke wao umepungua. Hilo ninalikubali, na hosteli ilikuwa upweke mtupu kwako. Lakini mwili usimwachie. Hasa usimwachie ukiwa na msiba, ukiwa na homa, au ukiwa barabarani. Mwenye kukasirika, kuchoka na kujibu mbele ya watu awe wewe.

Kuhusu kumfukuza. Yuko mwanamke Mfaransa, Alexandra David-Néel, aliyesafiri Tibet, na mwaka 1929 alieleza kwamba aliunda mtawa kwa mawazo yake kwa miezi kadhaa ya mazoezi. Alimtaka mnene na mchangamfu. Baadaye mtawa akakonda, akawa na uso wa kejeli, akawa anatokea bila kuitwa. Alisema kumwondoa kulimgharimu nusu mwaka wa mapambano. Sijui tuliamini kiasi gani, lakini ninakiona anachokieleza: kupigana naye ndiko kumtazama, na kutazamwa ndicho chakula chake. Kwa hiyo ukiamua kumpunguza, usimkane, usichome kitu, usitangaze vita. Mpangie saa, tuseme nusu saa jioni kabla ya chakula. Akija nje ya saa, mwambie "jioni" na uendelee na ulichokuwa ukifanya, bila hasira. Baada ya wiki chache punguza hadi siku tatu kwa wiki. Nafasi inayobaki ijaze na mtu mwenye mwili: mpigie dada yako, nenda kwaya, kaa na huyo kijana. Ukiiacha tupu utamrudia kwa pupa, na atakuja mkubwa kuliko alivyoondoka.

Lakini kwa nini umpunguze? Unafanya kazi, una marafiki, humfichi kwangu. Kama sababu ni kwanjula peke yake, basi sababu hiyo ni ya wageni, na wageni watakula na kurudi Masaka. Ila tena najibishana na nafsi yangu: ndoa ina kelele zake, na nimeona watu wanaomkimbilia mwenzi wa akilini kila wanapogombana na mwenzi wa nyumbani, kwa sababu wa akilini anajua watakachosema kabla hawajasema. Hilo ndilo ninaloliogopa, si yule Kapera mwenyewe. Mkigombana, mzungumze ninyi wawili kwanza, Kapera asikie baadaye.

Umwambie au usimwambie? Ninalo jibu, na baba yako analo lake, hayalingani, na nimemwambia tusikubebeshe. Uamuzi ni wako. Ukiamua kumwambia, usifanye hivyo usiku wala wiki ya kwanjula, wakati mashangazi wake wanampigia simu kuhusu magari na vikapu. Mwambie mchana, mahali pasipo na watu wa kusikiliza, na umwanzie mweso, siyo hosteli. Mpe nafasi ya kuuliza maswali ya kipumbavu. Akiuliza kama Kapera ni mwanaume, mjibu kweli. Akiuliza kama Kapera anamsikia, mjibu kweli pia. Na siku hiyo Kapera akae kimya kabisa, mpaka kijana wako amalize maswali yake yote.

Mama yako