Hamu ya kuruka mlo inaporudi

Pole mwenzangu. Unauliza ufanyeje sauti ya "leo ruka mlo" inaporudi baada ya wiki kadhaa za kula vizuri, ukiwa unapona ugonjwa wa kujinyima chakula. Kurudi kwake hakumaanishi umeanguka. Mimi hunijia zaidi nikiwa na msongo au sijalala, kwa hiyo najiuliza kwanza: leo kumetokea nini? Mara nyingi jibu halihusu chakula hata kidogo.

Halafu nakula kwa saa, si kwa njaa. Ukijinyima muda mrefu, dalili za njaa na shibe huvurugika, na tumbo huchelewa kusukuma chakula. Ndiyo maana sahani ya kawaida inakuvimbisha. Katika jaribio la njaa la Minnesota, Marekani, la 1944–45, wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula, na baadhi wakaishia kusoma vitabu vya mapishi kutwa (na hao hawakuwa na ugonjwa huu!). Kuruka mlo hakuinyamazishi hiyo sauti, kunaipa nguvu.

Siku hizo usile peke yako. Mpigie mtu mzungumze mambo mengine mpaka umalize. Mtaalamu wako naye mwambie sasa, usingoje miadi. Ukizimia au moyo ukienda ovyo, hospitali siku hiyohiyo.