Sumu ya panya, sumu ya nyoka, na manowari za Malkia Victoria

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri makala kuhusu jeshi la majini la Uingereza mwishoni mwa zama za Malkia Victoria. Humo kuna aina ya meli inayoitwa "torpedo boat destroyer". Mimi nimeandika "boti ya topido ya uharibifu". Mwenzangu anashikilia kuwa ni "manowari haribifu". Mhariri wetu naye kaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kwani hii si nyambizi?" Nani kati yetu amepatia? (Mtafsiri, Tanga)

JIBU: Marahaba. Nianze na mhariri, maana lake ni jepesi. Nyambizi huenda chini ya maji. Hizi zilipita juu, kwa kishindo na moshi mweusi wa makaa ya mawe. Nadhani kilichomchanganya ni neno "manowari", ambalo siku hizi watu wengi hulitumia wakikusudia nyambizi. Manowari ni meli yoyote ya kivita. Tulilitohoa kutoka "man-of-war" ya Kiingereza, na halina habari na kupiga mbizi. Kwa sababu hiyo hiyo "manowari ya kivita" huniudhi kidogo: ni kama kusema mjane aliyefiwa na mumewe.

Sasa wewe. Ukisema "boti ya topido ya uharibifu", msomaji anaona chombo kimoja tu, kimebeba topido, kinakwenda kuharibu. Lakini vyombo vilikuwa viwili, na kimoja kiliundwa ili kukimaliza kingine.

Mwaka 1866 Mwingereza Robert Whitehead, aliyekuwa akifanya kazi Fiume, mji ambao leo ni Rijeka huko Kroatia, alitengeneza topido iliyojiendesha yenyewe chini ya maji, yaani bomu la kulipulia meli. Haikupita miaka mingi, viwanda vikaanza kuunda boti ndogo zenye mbio za kuibeba silaha hiyo. Fikiria hesabu yake: boti ya bei nafuu, yenye mabaharia wachache, inajipenyeza gizani na kuizamisha manowari ya deraya, iliyovikwa mabamba ya chuma na kugharimu mali isiyosemeka. Wafaransa waliziunda kwa wingi, na ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari Waingereza wakakosa usingizi. Jaribio lao la kwanza lilikuwa manowari ndogo za mizinga kama Rattlesnake ya 1886, ambazo mabaharia waliziita "wakamataji". Hazikukamata kitu, kwa kuwa mbio zilikuwa hazitoshi.

Mwaka 1892 John Fisher, ofisa aliyesimamia ujenzi wa meli za jeshi hilo, akataka chombo kingine kabisa: chenye mbio kuliko boti za topido, chenye mizinga ya kuzitoboa, na chenye umbo la kuhimili bahari iliyochafuka. Kiwanda cha Yarrow, pale Poplar, London, kikashusha Havock majini Agosti 1893. Urefu wake ulikuwa kama meta 55, na kwenye majaribio ilipita maili 26 za baharini kwa saa. (Tafadhali usiandike "noti 26". Msomaji atadhani ni pesa.) Ilikuwa na mzinga mmoja wa risasi za ratili 12, mitatu ya ratili 6, na topido zake yenyewe. Bomba moja la kurushia topido waliliweka omoni kabisa, yaani mbele ya chombo, na hapo wakaumbuka: chombo kikiwa kasi, bomba lilirusha maji juu ya sitaha, na kulikuwa na hatari ya meli kuipita na kuikanyaga topido iliyoirusha yenyewe. Mabomba ya namna hiyo yakaachwa.

Kwa hiyo maana ya jina ni hii: kinachozamisha boti za topido. Kiingereza hupanga nomino tatu foleni na kumwachia msomaji akisie nani anamfanya nani nini. Sisi tuna "-a" unganifu, na wengi hudhani hiyo inatosha. Haitoshi. Sumu ya panya humuua panya, ilhali sumu ya nyoka hutoka kwa nyoka. Dawa ya mbu humfukuza mbu, na dawa ya meno haiyafukuzi meno. Tunaelewana kwa sababu panya na nyoka tunawajua. Boti za topido za mwaka 1893 msomaji wako hazijui. Ukimwandikia "manowari ya boti za topido" hana pa kushika. Mpe kitenzi.

Kitenzi gani? Hapa ndipo "haribifu" ya mwenzako inapokwama. Kwanza, ipo manowari gani isiyo haribifu? Pili, uharibifu kwetu ni tabia: wadudu waharibifu, mtoto mharibifu aliyeifungua redio ya babu na kushindwa kuifunga. "Angamiza" ni zito mno, tunalitumia kwa mataifa na vizazi. Vyombo vya majini huzamishwa, basi. Waitaliano waliita meli hizi "cacciatorpediniere", yaani mwinda boti za topido, na nakiri "winda" linanivutia, maana kazi yenyewe ilikuwa kukimbizana. Lakini Fisher na wenzake walitaja kuangamiza, hawakutaja kuwinda, nawe unamtafsiri Mwingereza.

Ningeandika "manowari ya kuzamishia boti za topido". Hiyo "-ia" isikutishe: ndiyo ile ya kisu cha kukatia nyama na jiko la kupikia, na inamwonyesha msomaji kuwa hiki ni chombo kilichoundwa kwa kazi maalumu. Ni jina refu, kweli. Kwa hiyo litaje zima mara ya kwanza, kisha endelea na "kizamishaboti", kwa mtindo wa kipazasauti na kipimajoto. Neno hilo usilitafute kwenye kamusi, nimeliunda hapa mezani. Ila usiseme "mashua". Msomaji wa Tanga au Lamu akisikia mashua huona tanga na mlingoti, na boti hizo zilikwenda kwa mvuke.

Kuna mtego mmoja bado. Vizamishaboti vilivyokuwa na topido zake vilianza kufanya kazi ile ile ya boti vilivyotumwa kuzizamisha. Mwindaji akavaa ngozi ya windo lake. Polepole watu wakadondosha maneno mawili ya mbele, likabaki "destroyer" tupu. Kwa meli za Vita Vikuu vya Pili na za leo, "kizamishaboti" litakuwa kichekesho. Hapo andika "manowari aina ya destroya" na uendelee na safari. Na ukikutana na "guided missile destroyer", tahadhari. Foleni ni ile ile ya nomino, ila maana imegeuka: meli hiyo inabeba makombora. Anayeandika "meli ya kuharibu makombora" amechukua sumu ya nyoka akaenda kuulia nyoka.

Kuhusu tahajia, mimi huandika "topido", kwa sikio, kama tulivyofanya kwa shati, kadi na sajini, ambako "r" ya Kiingereza ilibaki huko huko ilikotoka. Anayeandika "topedo" sitamkatia maneno mekundu, mradi asibadilishe katikati ya makala. Neno lenyewe lilianza kama jina la Kilatini la samaki wa jamii ya taa mwenye umeme mwilini, yule anayemfisha ganzi anayemgusa.

Sentensi yako ya kwanza basi isomeke hivi: "Mwaka 1893 kiwanda cha Yarrow kilishusha majini Havock, manowari ya kwanza ya Uingereza ya kuzamishia boti za topido." Nimeongeza "ya Uingereza" kwa makusudi. Wahispania walikuwa wameshatangulia na meli yao waliyoiita Destructor, iliyoshushwa majini 1886, na mhariri wako anaonekana kuwa na wino mwekundu wa kutosha.