Maswali ya Wasomaji: Omega Constellation yenye mashine 562

SWALI: Nimeonyeshwa saa ya Omega Constellation ya chuma, yenye tarehe, uso wake umeinuka katikati kama sahani iliyofunikwa. Ndani ya kifuniko cha nyuma pamechapwa namba ya kasha 168.005, na mashine ni 562. Uso unang'aa kama wa jana. Muuzaji anasema ni halisi tupu, ya 1963. Ninunue?

JIBU: Kwa bei ya halisi, hapana. Mashine 562 ni ya Omega kweli, ila si ya saa hii. Constellation ilipotoka mwaka 1952, fahari yake ilikuwa kronomita: mashine iliyopimwa na kupewa cheti cha usahihi. Ndani ya 168.005 hukaa 561, au 564 iliyofuata. Zote tatu ni za ukoo mmoja na zina vito 24 (vijiwe vinavyopunguza msuguano), kwa hiyo 562 iliyotolewa kwenye saa nyingine huingia bila shida. Tofauti isome kwenye mashine yenyewe: 561 na 564 zimechongwa maneno ya Kiingereza yanayosema zimerekebishwa kwa mikao mitano na halijoto. Uso wa saa hiyo unadai kronomita, mashine haina cheti.

Namba ndefu ya mashine nayo isikutulize. Zinazoanzia milioni 20 ni za karibu 1963, sawa, lakini ikiwa mashine ilihamishwa, mwaka huo ni wa mashine, si wa kasha.

Sasa uso. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, uelekeze mwanga kutoka ubavuni. Mteremko umegawanyika pande 12, na mikunjo yake iwe mikali kama karatasi iliyokunjwa kwa ukucha. Ukipakwa upya, rangi na vanishi hujaa kwenye mikunjo, ikalainika. Nyota iliyo juu ya sita ni kipande cha chuma kilichopachikwa. Ikiwa ni wino, achana nayo. Kisha tazama vistari vya dakika: visipolingana na alama za saa, uso umechapwa upya. Mng'ao wa "jana" kwenye uso wa miaka 60 ndio ungenitia shaka kwanza.

Nyuma ya kasha, picha iliyochongwa ya kuba la kituo cha kutazamia nyota iwe na nyota nane zinazohesabika. Zikiwa bapa, kifuniko kimesuguliwa mno. Hilo hupunguza thamani, halithibitishi ughushi. Vivyo hivyo kioo cha plastiki kisicho na alama ndogo ya Ω katikati: huenda kilibadilishwa tu.

SWALI: Yangu ni 561. Nikivuta kifundo (kile cha ubavuni cha kujazia saa) tarehe hairuki. Imeharibika?

JIBU: La. Kuruka kwa kuvuta ni kwa 564. Usilazimishe, utaharibu mhimili. Vuta kifundo hadi pa kurekebishia mishale, ipeleke mbele ipite saa sita usiku hadi tarehe ibadilike, irudishe nyuma hadi kama saa tatu usiku, kisha mbele tena. Kila mzunguko, siku moja.