Maswali na Majibu: Nani Alikuwa Akiikagua Atomiki?

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Bunge la Marekani lilijua fedha za bomu la atomiki zinakwenda wapi?

Wabunge waliojua ni wachache mno, na fedha zenyewe zilikuwa dola bilioni 2 hivi. Mwaka 1943 seneta mmoja, mwenyekiti wa kamati ya kuchunguza matumizi ya vita, alianza kuulizia mitambo ya ajabu jimboni Washington. Waziri wa Vita, Henry Stimson, akamwomba aachane nayo. Akaachana. Seneta huyo ni Harry Truman. Alielezwa kwa kina Aprili 25, 1945, siku 13 baada ya kuwa rais.

Eti urani, madini ya kutengenezea bomu, ilitoka Kongo?

Ndiyo, sehemu kubwa, kwenye mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Ulizeni basi na hili: Mkongo gani aliombwa ridhaa?

Lakini baada ya vita si jeshi liliwakabidhi raia mambo ya atomiki?

Walikabidhiwa, Januari 1, 1947, chini ya Tume ya Nishati ya Atomiki. Shida ni kwamba sheria ya 1954 iliipa tume hiyo hiyo kazi ya kuvinadi vinu vya nyuklia na kuvidhibiti. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Mwaka 1956 kampuni moja iliomba kujenga kinu cha Fermi huko Michigan. Kamati ya wataalamu wa usalama, ya tume yenyewe, ikasema haijapata ushahidi wa kutosha kwamba kitakuwa salama pale. Tume ikaificha ripoti, ikatoa kibali. Chama cha wafanyakazi wa magari kikashtaki, kikashindwa Mahakama ya Juu mwaka 1961. Oktoba 5, 1966, kipande cha bati la zirkoniamu kilichochomoka ndani ya kinu kikaziba njia ya sodiamu ya kupozea; fueli ikayeyuka kiasi. Bahati, watu wa nje hawakudhurika. Tume haikuvunjwa mpaka 1975.

Ukiambiwa "siri ya taifa", uliza kinachofichwa ni ufundi wa bomu au kosa la mkubwa.

Waingereza si walikuwa waungwana zaidi?

Hata! Oktoba 1957 kinu cha Windscale kilishika moto. Maziwa ya mashamba ya jirani, yaliyoingiwa na mionzi, yakamwagwa, maana hayo hayafichiki. Ripoti kamili ya uchunguzi, Waziri Mkuu Macmillan aliizuia, na wananchi hawakuiona mpaka 1988.