Wasomaji Wanauliza: Chinatown ya San Francisco ni ya watalii tu?

SWALI: Shikamoo dada. Mwezi ujao nitakuwa San Francisco kwa mkutano wa siku tatu na nina asubuhi moja tu ya kutembea. Natamani kwenda Chinatown ila mwenzangu aliyeshafika anasema nisijisumbue, ni maduka ya fulana na sumaku za friji basi. Ni kweli? Na nikienda nianzie wapi?
– Mama Neema

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nenda, tafadhali nenda. Mwenzako hajadanganya ila nadhani aliingilia lile geti la majoka pale Bush Street, akanyoosha na Grant Avenue, maduka kushoto maduka kulia, akageuza.

Kabla hujaenda kuna kitu nataka ukijue. Yale mapaa yaliyopinda ncha na rangi nyekundu na kijani sio ya kale kama yanavyoonekana. Wachina walishaanza kukaa pale tangu enzi za kukimbilia dhahabu, karibu na 1850, kwenye majumba ya kawaida tu kama mitaa mingine ya mji ule. Tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko likapiga, moto ukafuata, Chinatown ikateketea yote, na majivu hata hayajapoa wakubwa wa mji wakaanza kusema hawa watu wahamishiwe Hunters Point, huko pembeni kabisa, maana kiwanja chao kilikuwa kizuri mno kukiacha. Wafanyabiashara wa Kichina, mmojawapo Look Tin Eli, wakawahi. Wakajenga upya palepale, tena wakawaajiri wasanifu majengo Wazungu wawachoree nyumba zenye minara ya Kichina, ili mji wenyewe uone faida ya kuwaacha. Kwa hiyo ukifika kona ya Grant na California, kwenye jengo la Sing Chong, simama kidogo uliangalie. Ni pambo la kuvuta wageni, sawa, lakini pambo lile ndo lililowabakisha, na mimi nikilitazama sioni uigizaji wowote, naona watu waliogoma kuondoka.

Na usisahau hayo yote yalitokea wakati sheria ya Marekani ya 1882 inawazuia vibarua wa Kichina hata kuingia nchini, na haikufutwa mpaka 1943.

Sasa toka Grant, ukate kwenda Waverly Place. Wenyeji wa zamani walikaita mtaa wa senti 15, ndo ilikuwa bei ya kunyoa. Hapo kuna hekalu la Tin How, la Mama wa Mbinguni anayelinda watu wa baharini, lilianzishwa 1852, na mtu aliyekuwa amevuka Pasifiki nzima kwa merikebu nadhani alikuwa na sababu ya kwenda kushukuru. Lipo ghorofa ya juu kabisa, ngazi ni nyembamba, panda taratibu utaanza kusikia harufu ya udi kabla hujafika. Ndani usipige picha, watu wanasali. Acha kasadaka kadogo.

Ukitoka ingia Ross Alley, uchochoro hasa, kuna kakiwanda ka biskuti za bahati ka tangu 1962. Biskuti inatoka kwenye chuma cha moto ikiwa bapa na laini kama chapati ndogo, mtu anaweka kikaratasi chenye maneno ya bahati katikati, anaikunja, anaipinda kwenye kijiti cha chuma, basi, maana akichelewa kidogo tu inakauka na kuvunjika. Utasimama hapo zaidi ya ulivyopanga.

Halafu Stockton Street, mimi hapa ndo napapenda kuliko kote. Ni sokoni, bibi wanachagua mboga jani kwa jani, samaki wako hai kwenye matangi, Kikantoni, Kichina cha kusini, kila upande. Inua macho uone nguo zilizoanikwa madirishani, kule juu kuna vyumba vidogo sana ambavyo familia nzima inakaa kwenye kimoja, jiko na choo wanachangia na majirani wa korido nzima. Kwa hiyo usimpige mtu picha usoni bila kumuomba, na usizibe njia ya wenye mizigo.

Ushauri wangu wa mpangilio: panda treni ya laini ya T kutoka Union Square, ni stesheni moja tu, utatokea Stockton yenyewe. Anza sokoni asubuhi hiyo wakati mboga bado zinashushwa, ule dim sum, vile vitafunwa vidogo vya Kichina, ndo uende hekaluni na Ross Alley, Grant iwe ya mwisho kabisa ukiwa unashuka kurudi kwa miguu kupitia getini. Beba dola taslimu, noti ndogondogo. Na hiyo sumaku ya friji kama unaitaka inunue tu, yule muuzaji naye ni mtu wa mtaa.