Maswali yenu: kwaya, jumuiya na daftari la michango

Tumsifu Yesu Kristo. Barua za safari hii ni nyingi, na karibu theluthi yake inauliza mambo niliyoyajibu Majilio, Kwaresima na Pentekoste. Hizo nimeziweka kando, isipokuwa moja ya kuanzia.

Mwalimu, tuna wimbo mzuri sana wa sifa ambao umetaja neno "utukufu" mara nyingi. Tunaweza kuuimba mahali pa Utukufu kwa Mungu Juu?

Hapana. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma, kitabu cha sala za Misa, namba 53: maneno ya utenzi huo hayabadilishwi kwa mengine. Namba 366 inakataza vilevile kuweka wimbo mwingine mahali pa Mwanakondoo. Na wimbo wa katikati, baada ya somo la kwanza, ni zaburi, siyo "wimbo wowote unaoendana na somo". Hiyo ni namba 61. Kitabu kipo sakristia. Kifunguliwe.

Mimi ni mwenyekiti wa kwaya ya parokia. Paroko ametusema mbele za watu kwamba waumini wanatutazama tu, hawaimbi. Kosa letu ni lipi, wakati tunafanya mazoezi siku nne kwa wiki?

Kosa liko hapohapo kwenye hizo siku nne. Mnajifungia siku nne ili Jumapili mwimbe kitu ambacho muumini hajawahi kukisikia. Atakiimba kwa muujiza gani?

Majuzi nilisali ugenini, nikakaa benchi la nyuma jirani na bibi mmoja mwenye rozari ya mbao. Kinanda kilipoanza Mtakatifu, bibi akainua kidevu, akavuta pumzi, mdomo ukafunguka. Soprano wakaingia na tuni mpya. Akasubiri kidogo, labda ataidaka njiani. Wapi. Akafunga mdomo na vidole vikarudi kwenye punje za rozari. Mwanakondoo ikawa hivyohivyo. Misa nzima, bibi yule aliimba na wenzake kiitikio cha zaburi tu, kwa kuwa kilikuwa na mstari mmoja. Na kwaya ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Nilijikuta natamani kuwapigia makofi, na hapo ndipo niliposhtuka: nilikuja kusali, nimegeuka mtazamaji.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika konstitusio, yaani hati yake kuu, ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 114, unataka kwaya zikuzwe, na papo hapo unataka waumini nao waweze kutoa sehemu iliyo yao. Hati ya Kanisa kuhusu muziki, Musicam Sacram, ya Machi 1967 ikaongeza kwamba desturi ya kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote huku watu wametengwa kabisa haifai. Sasa hesabu mwenyewe ni miaka mingapi tumekuwa tukijifanya hatujasikia.

Fanyeni hivi. Chagueni Bwana Utuhurumie, Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo za mtunzi mmoja, mzishikilie miezi sita bila kubadilisha. Mtalalamika kwamba zimewachosha. Nyinyi mmechoka, muumini ndiyo kwanza ameanza kuzizoea. Dakika tano kabla ya Misa asimame mtu mmoja, bila hotuba, afundishe kiitikio cha zaburi na cha wimbo wa mwanzo. Shusheni ufunguo: mwalimu anayeng'ang'ania juu kwa sababu soprano wake wanamudu amewasahau wanaume waliotoka kitandani saa moja iliyopita. Kwenye kiitikio sauti ya kwanza isikike wazi, mapambo muyaweke kwenye beti. Wimbo mpya mmoja kwa mwezi unatosha. Baada ya komunyo, wakati wa shukrani, hakuna atakayewagombeza: hapo imbeni sauti nne mpaka mridhike.

Watunzi mtanichukia. Najua kila mmoja wenu ana misa mpya kwenye begi.

Kinanda kinaruhusiwa Kwaresima?

Kusindikiza uimbaji, ndiyo. Kupiga peke yake wakati watu wamekaa kimya, hapana, isipokuwa Jumapili ya nne, sherehe na sikukuu (Maelekezo ya Misale, namba 313). Kwa wale watakaouliza tena mwezi Machi: Mtakatifu Yosefu tarehe 19 na Kupashwa Habari tarehe 25 Utukufu unaimbwa, lakini Aleluya haiimbwi Kwaresima yote, hata siku hizo. Kayamba na ngoma zifuate adabu hiyohiyo. Kuna kwaya hunyamazisha kinanda kwa utii mkubwa, halafu ngoma inapigwa kama harusi.

Mwalimu wetu wa kwaya anasema mwanakwaya hana haja ya kwenda jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani, kwa kuwa Mtakatifu Augustino alisema "aimbaye husali mara mbili". Ni kweli?

Mwalimu wako amekata msemo katikati, na amemsingizia mtakatifu. Alilosema Augustino ni kwamba kuimba ni kazi ya apendaye. Huo wa kusali mara mbili, Maelekezo ya Misale, namba 39, yanauita methali ya kale, tena unasema aimbaye *vema*. Hilo "vema" ndilo linaloanguka kila mara msemo unapopita mdomoni mwa mtu asiyetaka kwenda jumuiya.

Sasa kuimba vema ni nini? Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho ataimba kwa roho na ataimba kwa akili pia. Kwa Wakolosai akaanza na Neno la Kristo likae kwa wingi ndani yao, ndipo zikafuata zaburi, nyimbo na tenzi za rohoni. Mpangilio huo haukuja kwa bahati. Nimefundisha kwaya miaka mingi, na nimeshuhudia tenor wakiimba zaburi ya majuto huku wanatabasamu na kuyumba mabega, kwa kuwa mdundo ni mtamu na hakuna aliyesoma maneno. Siku moja nilisimamisha mazoezi nikauliza zaburi tuliyokuwa tunaimba inahusu nini. Watu ishirini na wawili, kimya. Mmoja wa besi akajibu, "Inahusu sauti ya tatu kuingia mapema, mwalimu."

Tulicheka. Lakini tangu siku ile hakuna nota iliyogawiwa kabla masomo ya Jumapili hayajasomwa na kuongelewa kwa robo saa. Wawili walihama kwa kuona tunapoteza muda. Waliobaki waliacha kuyumba mahali pasipo pake, na sikuwahi kuwakataza.

Mwanakwaya asiyeonekana jumuiya ni msemaji anayesoma hotuba ya mtu mwingine. Mwambie mwalimu wako nimesema hivyo.

Jumuiya yetu ina familia 23 lakini Jumamosi asubuhi tunakuja watu sita au saba. Mwenyekiti anasema watu wamepoa kiimani. Tufanye nini?

Hukuniandikia ratiba yenu, lakini acha nijaribu kuibashiri. Sala ya mwanzo. Injili inasomwa mara moja, mbio, na mtoto aliyesukumwa mbele. Tafakari inatolewa na yuleyule wa kila wiki. Dakika kumi na tano zimekwisha. Kisha mtunza hazina anafungua daftari, na hapo ndipo kikao kinapoanza: zaka, ujenzi, msiba, zawadi ya upadrisho, deni la viti. Majina yanasomwa moja moja, na kila jina linafuatwa na kiasi au na ukimya.

Nilimwona baba mmoja kwenye jumuiya ya namna hiyo. Kila jina lililosomwa, yeye alisogea kidogo kwenye mkeka kuelekea mlangoni. Zamu yake ilipofika alikuwa ameshavaa ndala. Wiki iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Kwenye taarifa ya robo mwaka akaandikwa "mlegevu".

Amepoa kiimani? Ameona haya tu, na mtu hawezi kuja kila Jumamosi kuaibishwa kabla ya chai.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 waliamua kwamba maisha ya Kanisa katika nchi zetu yajengwe juu ya jumuiya ndogo, pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Mwaka 1976 wakakutana tena, na mada yenyewe ikawa ni kuzijenga hizo jumuiya. Papa Yohane Paulo II, katika hati yake Ecclesia in Africa ya mwaka 1995, namba 89, akataja kazi zake: wanajumuiya wainjilishane kwanza wao wenyewe, wasali, wasikilize Neno la Mungu, wajifunze kuwajibika, wayatazame matatizo ya watu kwa mwanga wa Injili. Rudia orodha hiyo uone kama kuna daftari.

Simaanishi michango ifutwe. Paa haliezekwi kwa tafakari. Bahasha ipite, mtunza hazina aandike akiwa nyumbani kwake, na mwenye shida aongee na watu wawili tu, pembeni. Jina lisisomwe. Muda utakaobaki upeni Neno. Njia ya hatua saba ya Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini mnaijua, au mliwahi kufundishwa kwenye semina mkaila pamoja na chakula cha mchana: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuchagua neno au kifungu kilichokugusa na kukitamka, kunyamaza, kushirikishana, kuongelea kazi ambayo jumuiya inaitwa kuifanya, kusali. Jumuiya nyingi huruka ya nne kwa kuwa kimya kinawatisha, na ya sita kwa kuwa inadai kutoka nje kwenda kumtazama mgonjwa. Zikirukwa hizo mbili, zilizobaki ni maneno matupu.

Na imbeni. Siyo ubeti mmoja wa kuwasubiri wachelewaji. Imbeni zaburi ya Jumapili inayokuja. Jumuiya zote za kigango zikiijua zaburi tangu Jumamosi, yule bibi wa benchi la nyuma atakuwa na la kuimba, na mwenyekiti wa kwaya wa barua ya pili hatasemwa tena na paroko wake.

Hili hukuuliza ila nalisema: acheni kutumia maziko kama fimbo. Familia ina maiti ndani, viongozi wanapekua nani alikuwa haji na nani anadaiwa. Anayekwepa jumuiya aongeleshwe akiwa hai. Waliobaki wanalia hawadaiwi chochote siku ile.

Kwetu kuna mzee anayegeuza kila tafakari kuwa mahubiri ya dakika arobaini. Tunamheshimu, tunaogopa kumkatiza.

Hatua ya tano ni kushirikishana, na hushirikishwa kwa "mimi": neno hili limenigusa hivi. Anayesema "ninyi mnapaswa" ameshahama hatua. Mpeni mzee kazi ya kusimamia saa. Mlinzi wa muda huona haya kuuvunja. Ikishindikana, siku moja someni Matendo 20, pale Eutiko alipolala dirishani Paulo akiendelea kuhubiri, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Na huyo aliyekuwa anahubiri ni Paulo.

Mke wangu ni Mlutheri. Anaweza kuja jumuiya?

Aje. Tena mpeni asome yeye. Biblia yake huenda imechakaa kuliko zenu zote.

Siku kwaya haipo, tunaweza kuweka wimbo wa komunyo kutoka kwenye simu?

Simu haijabatizwa. Anzisheni wimbo mnaoujua, hata ukienda chini.

Kwaya yetu inataka kuzindua albamu ya video. Tunahitaji sare mpya na mgeni rasmi. Tupe mbinu za kuchangisha.

Sitatoa. Mbinu mnazijua kunishinda, ndiyo maana kila Jumapili baada ya matangazo kuna kwaya imeshika kadi mlangoni. Mimi nina maswali. Mmemlipa fundi wa kinanda? Mtunzi wa nyimbo mnazorekodi mmemwomba ruhusa, au mmekata jina lake juu ya nota kama mnavyolikata kwenye kopi? Hili la majina linaniuma. Nimewahi kupokea kopi ya wimbo wangu mwenyewe kutoka kwa kwaya ngeni, jina limefunikwa kwa karatasi nyeupe, na mtu akanieleza kwa upole jinsi ya kuuimba.

Kurekodi si dhambi. Ila kwaya iliyorekodi mara tatu na haiwezi kuimba zaburi ya Jumapili ya 14 ya mwaka bila kuhangaika imejiandaa kwa ajili ya kamera. Sare ya zamani ikifuliwa inang'aa.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 52, sijui nota hata moja, na napenda kuimba. Je, nimechelewa?

Marahaba, mama. Hujachelewa. Hizo do re mi zilienezwa na John Curwen, mchungaji wa Uingereza wa karne ya 19, kwa ajili ya watu wa namna yako hasa, ambao hawajasoma muziki popote. Zipo saba tu. Usianze na sauti ya pili hata wakikubembeleza kwa kuwa wamepungukiwa. Kaa soprano miezi mitatu, sikio lizoee kwanza. Nenda mazoezi na kalamu ya risasi, siyo ya wino. Kabla hujaandika nota yoyote, soma maneno ya wimbo mzima kwa sauti ya kawaida, kama barua, kisha weka alama ndogo kila mahali unapotaka kuvuta pumzi. Alama ikiangukia katikati ya neno, ifute, uisogeze.