Kufuta kivuko cha zamani: chunguza lami kwanza, ndipo uchague mashine

Ndugu, umeuliza ni njia ipi itumike kufuta kivuko cha pundamilia kilichohamishwa mbele ya shule hapa Tanga, na kama kukipaka rangi nyeusi kunatosha. Nimefanya kazi ya alama za barabarani kwa miaka mingi mkoani humu, na nakusihi uachane kabisa na rangi nyeusi. Rangi hiyo hulika na matairi, mistari myeupe ikajitokeza upya. Na hata kabla haijalika, mvua ikinyesha usiku sehemu iliyopakwa humetameta kwenye taa za magari tofauti na lami inayoizunguka, hivyo mtoto na dereva wanaweza kuona kivuko mahali ambapo hakipo.

Kabla ya kuulizia bei ya mashine, inama uitazame lami yenyewe. Kama ni lami nyepesi, ile ya kumwagia kokoto juu, mashine ya kukwangua itang'oa kokoto pamoja na rangi, na kitakachobaki ni lami tupu inayoteleza. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na pikipiki ndizo huumia kwanza. Kama ni lami nzito, ile iliyochanganywa na kokoto kabla ya kutandazwa, kukwangua kunawezekana, ila kazi ianze alfajiri, kwa sababu jua la mchana la Pwani huilainisha lami ikanata kwenye meno ya mashine. Tena usikwangue mstari mmoja mmoja; kwangua eneo lote la kivuko kama mstatili, maana kovu lenye umbo la mstari husomeka kama mstari, hasa jua linapokuwa chini.

Maji ya shinikizo kubwa ndiyo ninayoyapendelea kwa rangi nene ya kuyeyushwa, ingawa ni ghali. Hapa sizungumzii mashine ya kuoshea magari, bali mtambo wenye shinikizo linalozidi baa 2,000 (baa ni kipimo cha shinikizo), wenye kifaa cha kufyonza maji na mabaki papo hapo. Kurusha mchanga mkavu sikushauri: vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, huharibu mapafu ya fundi bila tiba ya kuyarudisha.

Mwambie mkandarasi ajaribu kwanza kipande cha mita moja. Usiku kimwagieni maji, mkitazame kwa taa za gari kutoka pande zote mbili, ndipo umruhusu aendelee.